Njia za baiskeli vilimani Pemba: anza kwa sheha

Ukitaka njia ya baiskeli yenye mteremko mkali na mizizi huku Pemba, usiiamini ramani ya simu. Nenda kwanza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, umuulize ipi njia ya watu wote na ipi ya shamba la mtu. Kwenye simu, njia zote ni mistari tu. Yeye ndiye anayejua ipi inaishia uani kwa watu (mimi nimeshatokea jikoni kwa bibi mmoja). Msitu wa Ngezi ni hifadhi, ruhusa yake huombwa hukohuko getini, si kwa sheha. Msimu wa karafuu hata njia halali unaikuta imetandikwa majamvi ya kuanikia karafuu; teremka, uikokote baiskeli. Masika ndiyo usijisumbue: udongo huganda kwenye tairi mpaka gurudumu halizunguki.