Somo: Kutenganisha Wi-Fi ya wageni na kompyuta za ofisi kwa VLAN (MikroTik)

Wakuu, hoteli na kliniki nyingi zina ruta moja, na kila kitu kimechomekwa humo: kompyuta ya mhasibu, kamera, simu za wateja. Mteja akishapewa nywila ya Wi-Fi, yuko mtandao mmoja na faili za mhasibu. Hili si la kuachia wiki ijayo. Dawa ni VLAN, yaani kugawa mtandao mmoja wa waya kuwa mitandao kadhaa iliyotengana.

Mahitaji ni ruta ya MikroTik na swichi yenye 802.1Q (kiwango cha VLAN). Swichi isiyo na ukurasa wa mipangilio haifai, kwani haiwezi kugawa poti zake.

Hatua ya 1. Anza na karatasi. VLAN 10 iwe ofisi, 192.168.10.0/24, VLAN 20 wageni, 192.168.20.0/24. Namba ya VLAN ikifanana na sehemu ya tatu ya anwani (10 au 20), hutahangaika siku ya tatizo. /24 inatosha vifaa 254 pamoja na ruta. Kwa wageni, muda wa DHCP (huduma inayovipa vifaa anwani za IP) uwe saa 1, la sivyo simu za walioondoka zitaendelea kushikilia anwani.

Hatua ya 2. Unda vlan10 na vlan20 juu ya briji (bridge1, inayounganisha poti za ruta), zipe IP na DHCP. Kisha:

/interface bridge vlan add bridge=bridge1 vlan-ids=10 tagged=bridge1,ether2

Rudia kwa 20. Hapa ether2 ndiyo inayokwenda kwenye swichi. Angalieni hiyo bridge1 ndani ya tagged: ikikosekana, ruta yenyewe haisikii VLAN hiyo na DHCP inakaa kimya.

Hatua ya 3. Kwenye swichi, poti ya ruta na ya aksesi pointi (vifaa vya Wi-Fi) zipitishe 10 na 20 zikiwa na tagi (alama ya namba ya VLAN kwenye pakiti). Poti za kompyuta ziwe VLAN 10 bila tagi, PVID 10 (VLAN inayopewa pakiti zinazoingia bila tagi).

Hatua ya 4. Sasa ndipo uwashe vlan-filtering=yes kwenye briji, si kabla. Bonyeza kwanza Safe Mode kwenye Winbox (programu ya kusimamia MikroTik): muunganisho ukikatika, ruta inarudisha mabadiliko yenyewe. Pia acha ether5 nje ya briji ikiwa na IP yake, uwe na mlango wa kuingilia.

Hatua ya 5. Wengi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha. Haijaisha! VLAN inatenganisha kwenye swichi, lakini ruta bado inapitisha pakiti kutoka 20 kwenda 10 mpaka uikataze:

/ip firewall filter add chain=forward in-interface=vlan20 out-interface=!ether1 action=drop

Hapa ether1 ndiyo poti ya intaneti, na forward ni pakiti zinazopita kwenye ruta. Kanuni hii ikae chini ya ile inayoruhusu established,related (pakiti za miunganisho iliyokwisha kuanzishwa) na juu ya ruhusa nyingine. Kwenye chain=input (pakiti zinazoelekea ruta yenyewe), wageni waruhusiwe DNS (53) na DHCP (67) tu, mengine yote zuia.

Jaribu kwa simu iliyo kwenye Wi-Fi ya wageni: fungua 192.168.10.1. Ikijibu, tatizo liko kwenye input, maana hiyo ni anwani ya ruta yenyewe na forward haiigusi.

MASWALI

– Mkuu, intaneti yangu ni ya PPPoE. Nayo naandika ether1?
Hapana, andika pppoe-out1, muunganisho wenyewe wa PPPoE. Ukiacha ether1, wageni wote watakosa intaneti.

– Kompyuta inapata 169.254, shida nini?
Haijajibiwa na DHCP. Kagua PVID ya poti yake, kisha ile bridge1 ya hatua ya 2.

– Bosi anataka wageni wachapishe kwenye printa ya mapokezi iliyo VLAN 10.
Mshauri wageni watume faili mapokezi. Akikataa, ipe printa IP ya kudumu, ruhusu TCP 9100 kwenda IP hiyo peke yake, kanuni ikae juu ya drop. Simu hazitaiona zenyewe, kwa sababu matangazo ya mDNS (printa hujitangaza kwayo) hayavuki VLAN. Mgeni ataandika IP kwa mkono.

– Wageni wenyewe kwa wenyewe bado wanaonana, ndugu.
Ni kweli, wako VLAN moja, trafiki yao haifiki kwenye fayawolu. Washa utengano wa wateja kwenye kila aksesi pointi. Zikiwa mbili au zaidi, tenga pia poti zake kwenye swichi, la sivyo mgeni wa ghorofa ya chini atamfikia wa juu kupitia waya.