Kutazama na kupanga picha kwa IrfanView kwenye kompyuta kongwe

Picha ya simu yenye MB 4 ikichukua nusu dakika kufunguka kwenye kompyuta ya Windows XP, watu wengi huanza kulaumu diski au virusi. Mara nyingi sababu ni hesabu tu. Faili la JPG ni kama robota la mitumba: likiwa limefungwa linapita mlangoni, ukishakata kamba nguo zinajaa chumba kizima. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12, na kila pikseli inataka baiti 3 ili ionekane. Hiyo ni kama MB 34 ndani ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa picha moja. Picha ya pikseli 8000 kwa 6000, ambayo simu nyingi za leo zinapiga bila shida, inakula zaidi ya MB 137. Kompyuta ikiwa na RAM ya MB 256, ukitoa ya Windows yenyewe na ya kinga ya virusi, hazibaki nyingi. Hapo ndipo taa ya diski inawaka bila kupumzika: Windows inahamishia kwenye diski vitu ambavyo havikupata nafasi kwenye RAM.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama picha itakusumbua, usiangalie uzito wa faili. Angalia pikseli. Kwenye IrfanView, programu ya kutazama picha, bonyeza herufi I, utaona upana, urefu na kiasi cha RAM ambacho picha inakalia.

IrfanView iliandikwa na Irfan Škiljan, mzaliwa wa Jajce huko Bosnia, na ilitoka mara ya kwanza mwaka 1996. Ni nyepesi, inafanya kazi kwenye XP hadi Windows za sasa, na ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Ofisi na biashara zinatakiwa kulipia. Kwa kompyuta kongwe chukua toleo la biti 32, maana la biti 64 halikubali kabisa kwenye Windows ya biti 32. Vivinjari vya zamani vya XP vinashindwa kufungua tovuti nyingi za leo, hivyo pakua kwenye kompyuta nyingine ulete kwa flashi. Pakua na kifurushi cha programu jalizi (plugins), cha toleo lilelile la programu. Namba zikipishana, baadhi ya kazi hazitafunguka.

Flashi zetu zinazunguka sana kati ya stationery, studio na ofisi, na virusi vya njia za mkato vinazunguka nazo. Shikilia Shift unapochomeka flashi ili isijiendeshe yenyewe. Ukiona folda zako zimegeuka njia za mkato, usibofye hata moja. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo kompyuta ya kazi za picha ni bora ibaki nje ya intaneti.

Wakati wa kusakinisha utaulizwa ni aina gani za mafaili zifunguliwe na IrfanView. Chagua picha tu. Ukiiachia video na muziki, utajikuta unahangaika na kitu ambacho programu nyingine ilikuwa inakifanya vizuri.

Kutembea kwenye folda

Hapa kibodi ndiyo mwenyewe. Kitufe kirefu cha nafasi kinakupeleka picha inayofuata, Backspace inakurudisha. Enter inajaza skrini nzima, Esc inakutoa. Kuwa makini, Esc ukiwa tayari kwenye dirisha la kawaida inafunga programu. Alama ya kujumlisha inavuta picha karibu, ya kutoa inaisogeza mbali, na Ctrl+H inaionyesha kwa ukubwa wake halisi. T inafungua vijipicha vya folda nzima. F7 inahamisha faili kwenda folda nyingine na F8 inalinakili. Folda utakayoichagua inakumbukwa, hivyo kuchambua picha za harusi kunakuwa kazi ya vidole viwili: nafasi, nafasi, F8, nafasi.

Ikiwa bado ni nzito, fungua menyu ya View, sehemu ya Display options, uondoe alama kwenye mistari yenye neno "Resample". Kazi yake ni kulainisha picha inapopunguzwa ili ienee kwenye dirisha, na kichakataji cha zamani kinaitolea jasho. Mistari ya mshazari itaonekana na vimeno kidogo, lakini faili lenyewe haliguswi. Kisha bonyeza P, na kwenye kurasa za mipangilio tafuta chaguo la kupakia picha inayofuata mapema. Kwenye kompyuta yenye RAM ya kutosha linasaidia. Kwenye ya MB 256 lizime, kwa sababu linaweka picha mbili kubwa kwenye RAM kwa wakati mmoja.

Usiweke picha elfu mbili kwenye folda moja halafu ubonyeze T. Gawa kwa tukio au kwa mwezi.

Nakala ndogo za kutazamia

Hii ndiyo dawa yenyewe. Hayo ya juu ni ya kupunguza maumivu. Skrini nyingi za zamani zina pikseli 1024 kwa 768, yaani hata ukifungua picha ya milioni 12 macho yako hayaoni hata milioni moja. Tengeneza nakala zenye upande mrefu wa 1024, nazo zitakula takribani MB 2 za RAM kila moja. Picha halisi zibaki kwenye folda yake, zifunguliwe siku ya kuchapa tu.

1. Tengeneza folda mpya, kwa mfano D:\ndogo.
2. Fungua picha yoyote, kisha bonyeza B.
3. Chagua "Batch conversion", aina ya faili iwe JPG, ubora uwe 80.
4. Weka alama ya kutumia chaguo za ziada, bofya "Advanced". Upande wa RESIZE weka upande mrefu kuwa 1024, uwiano wa pande ubaki ulivyo, na picha ndogo zisikuzwe.
5. Folda ya kupokea iwe D:\ndogo. Soma mstari huu mara mbili: ukiacha folda iwe ileile ya picha halisi na umeruhusu kuandika juu ya mafaili yaliyopo, picha halisi zimekwenda na hazirudi.
6. Ongeza picha zote kwenye orodha, bofya "Start Batch", uende ukanywe chai.

Anayependa dirisha jeusi la amri anaweza kuandika mstari mmoja:

"C:\Program Files\IrfanView\i_view32.exe" D:\picha\*.jpg /resize_long=1024 /aspectratio /resample /jpgq=80 /convert=D:\ndogo\*.jpg

Kasoro yake ni kwamba picha zilizokuwa ndogo tangu mwanzo zitakuzwa nazo.

Picha zilizolala ubavu

Simu haigeuzi pikseli unapopiga picha ikiwa wima. Inaandika tu ndani ya faili kwamba "huyu anatakiwa kusimama". Kitazamaji cha Windows XP, na hata cha Windows 7, hakisomi maandishi hayo, ndiyo maana bibi harusi analala. Kwenye IrfanView bonyeza P, nenda ukurasa wa JPG, uweke alama kwenye chaguo la kuzungusha kwa kufuata EXIF, ndiyo maandishi hayo ya ndani ya faili.

Ukizungusha mwenyewe kwa L au R halafu ukahifadhi, JPG inabanwa upya na ubora unapungua kidogo kila mara. Tumia Shift+J badala yake: inapanga upya vipande vya picha bila kuvibana tena. Inahitaji zile programu jalizi. Vipande hivyo vina pikseli 8 au 16 kila upande, kwa hiyo picha ambayo vipimo vyake havigawanyiki sawasawa inaweza kupoteza ukanda mwembamba pembeni.

Picha ya pasipoti

Kipimo cha milimita 35 kwa 45 kwenye uchapaji wa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni pikseli 413 kwa 531. Bonyeza Shift+C, weka uwiano wa 35 kwa 45, sogeza kisanduku hadi kichwa kikae katikati, kata kwa Ctrl+Y. Kisha Ctrl+R, andika 413 na 531, dpi 300. Hifadhi kwa S, kwa jina jipya, ubora 95. Wakati wa kuchapa kwa Ctrl+P chagua ukubwa unaotokana na dpi ya picha. Ukiiacha ijaze karatasi, mteja atapata uso wa ukubwa wa kalenda. Kipande ulichokata kikiwa kimetoka chini ya pikseli 413 kwa upana, usikikuze. Rudia kupiga ukiwa karibu zaidi.

Kwa skana, karatasi ya A4 kwa dpi 300 inatoa takribani MB 25 kwenye RAM, kwa dpi 600 inafika MB 100. Maandishi ya kawaida hayahitaji 600.

Inapogoma

Sehemu ya chini ya picha ikiwa kijivu, faili halikunakiliwa lote; kwa kawaida flashi ilichomolewa mapema. Hakuna kitufe cha kuirekebisha, nenda ukanakili tena kutoka kwenye simu.

Ukiambiwa faili lina kiambishi kisicho chake na unaulizwa kama libadilishwe jina, kubali. Ni kawaida kwa picha zilizopitia mikononi mwa wengi: jina linasema PNG, ndani ni JPG.

Mafaili ya WebP, kama stika za WhatsApp, yanahitaji programu jalizi. Ya HEIC kutoka iPhone usipigane nayo kwenye XP. Kwenye mipangilio ya kamera ya iPhone badilisha muundo uwe ule unaokubalika kwingi, na picha mpya zitatoka JPG.

Kadi ya kumbukumbu ya GB 64 isipofunguka, mara nyingi tatizo huwa ni exFAT, mfumo wa kupanga mafaili kwenye kadi ambao XP haiusomi bila kuongezewa kiraka cha Microsoft. Visoma kadi vya zamani navyo vinaishia GB 2. Chomeka simu yenyewe kwa waya, na ikiwa mlango ni wa USB 1.1, tegemea chini ya MB 1 na nusu kwa sekunde: picha za GB 1 zitachukua zaidi ya dakika 11 hata mambo yakienda vizuri.