Ulizia kifungo: namna ya kuzunguka mitaa ya maduka katika jiji kubwa

Mimi nashona nguo, kwa hiyo jiji nisilolijua huwa naliingia kupitia vifungo. Mfukoni naweka kifungo kimoja cha koti na kipande cha bitana kisichozidi kiganja, na kazi ya kwanza nikishatua mzigo ni kuulizia vitu hivyo viwili. Wala si lazima niwe navihitaji. Ukimuuliza mtu "wapi kuna maduka mazuri", atakuelekeza kwenye jengo lenye vioo na ngazi za umeme. Ukimwonyesha kifungo cha matundu manne na kumwambia unataka vingine kama hicho, atafikiri kidogo, kisha atakutajia mtaa. Huo mtaa ndio tunaoutaka.

Basi kabla hujatoka, chagua kitu kimoja. Kiwe kidogo, kiwe cha kazi, na uwe unakijua vizuri. Fundi baiskeli atafute mnyororo, mpiga gitaa atafute nyuzi, mpenda kusoma atafute vitabu vilivyotumika. Kitu unachokijua ubora wake na bei yake ndicho kipimo: duka lolote utakaloingia utaligundua mara moja kama ni la mtu wa kazi au la kumkamata mgeni. Anayetoka mikono mitupu huishia kusoma mabango.

Njia hii inafaa kwa sababu katika majiji makubwa biashara za aina moja hupenda kukaa pamoja. Inashangaza mwanzoni. Mwenye duka la taa anapata faida gani kufungua katikati ya wauza taa wengine? Anapata wateja. Mtu anayetaka taa huenda pale anapoweza kulinganisha nyingi kwa mguu, na duka lililojitenga peke yake hata halijui. Halafu majirani huazimana mali: usichokipata hapa, kijana anatumwa fremu ya tatu na kurudi nacho wewe ukiwa bado umesimama. Wauza vipuri, mafundi na wasafirishaji nao husogea karibu, na mtaa unazidi kukua.

Tokyo ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote. Jimbocho ni vitabu vya zamani, duka baada ya duka. Kappabashi ni vyombo vya jikoni kwa ajili ya wenye migahawa, hadi sahani za vyakula vya bandia vya kuweka dirishani. Akihabara, ambayo wengi huijua kwa michezo ya kompyuta na katuni, ilikua kutokana na wauza vipuri vya redio baada ya Vita Kuu ya Pili, na hadi leo kuna vibanda vinavyouza swichi na nyaya rejareja. Nippori ni vitambaa, na hapo mniache. Mtu aliyeishia Ginza, mtaa wa maduka ya kifahari, amefika Tokyo, sikatai, ila ameishia sebuleni.

Mpangilio huu utaukuta pengine pia. London ina Hatton Garden kwa vito na Savile Row kwa suti za kupimisha. New York ina kipande cha 47th Street, kati ya Fifth Avenue na Sixth Avenue, ambacho ni almasi tupu. Hong Kong, pale Mong Kok, Tung Choi Street ina wauza samaki wa mapambo, samaki wakiwa wametundikwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji, na mtaa wa jirani, Fa Yuen Street, una maduka ya viatu vya michezo yaliyopangana.

Ukishafika mtaani, usisimame barabara kuu. Pale kodi ni kubwa, kwa hiyo mali ni chache, zimepangwa vizuri, na bei imebeba gharama ya kioo. Pita, tazama, jifunze majina ya mali, kisha ingia ndani hatua kwa hatua. Mtaa wa pili kwa kawaida ni rejareja ya kawaida. Wa tatu ndio wa jumla, nao una dalili zake: marobota mlangoni, mikokoteni inayodai njia, sauti ya utepe wa gundi ukifunga maboksi, na wauzaji wasiohangaika kukuita. Muuzaji asiyekuita nampenda sana. Ana wateja wake tayari, na akikujibu anajibu kwa mkato na kwa usahihi.

Usisahau kuangalia juu. Duka la chini hulipa zaidi, kwa hiyo wataalamu wengi hupanda ghorofani ambako mteja wa kupita hafiki. Soma vibao vilivyobandikwa kwenye mlango wa ngazi. Kama kuna kibao kilichoandikwa kwa mkono chenye jina la kitu unachokitafuta, panda. Istanbul ni hivyo hivyo: watu hujazana ndani ya Kapalıçarşı, soko la paa lililoanza kujengwa miaka michache baada ya mji kutekwa na Waosmani mwaka 1453, lenye mitaa zaidi ya 60 na maduka yanayokadiriwa kufika 4,000. Lakini pembeni yake kuna majengo ya zamani ya wafanyabiashara, yenye ua katikati na vyumba kuzunguka ghorofani, na baadhi ya vyumba hivyo mafundi bado wanafanya kazi humo.

Kapalıçarşı pia inatufundisha kutoamini kibao cha mtaa. Barabara yake maarufu, Kalpakçılar, ilikuwa ya washona kofia. Leo ni masonara na dhahabu. Biashara huhama, jina hubaki, na kitabu cha kuongoza wageni hubaki nyuma zaidi. Kwa hiyo muulize mtu aliyebeba mzigo. Mpokeaji wa hoteli atakupeleka anakopeleka kila mtu, lakini mbeba mzigo anajua jana alipeleka nini wapi. Mafundi wa kurekebisha nao wanajua: fundi viatu atakwambia ngozi inapouzwa, fundi saa atakwambia betri zinakotoka.

Suala la muda ndilo linaloharibu safari nyingi, kwa hiyo panga wiki kwanza, ramani baadaye. Jumla huamka mapema na kufunga mapema. Ukifika alasiri utakuta wanafagia. Masoko mengine yana siku zake kabisa. Kapalıçarşı hufungwa Jumapili. Soko la maua la Columbia Road, London, ni la Jumapili, wakati Portobello Road huchangamka zaidi Jumamosi kwa wauza vitu vya kale. Paris, masoko ya vitu vya kale ya Saint-Ouen ni ya mwisho wa wiki na Jumatatu. Andika siku hizo kwanza, kisha jaza nafasi zilizobaki na mitaa ya kawaida. Mitaa miwili inayopakana kwa siku inatosha. Ya tatu utaitembea kwa miguu tu, macho yameshachoka.

Mvua ikinyesha, tafuta njia zilizoezekwa. Paris ina vichochoro vya maduka vyenye paa la kioo, na kimojawapo, Passage des Panoramas, cha tangu karibu mwaka 1800, kina wauza stempu hadi leo. Majengo makubwa ya maduka nayo yana kazi yake: choo, kiti, hewa ya baridi, na bei zilizobandikwa unazoweza kuzinakili kama kikomo cha juu. Lile linalohesabika kuwa la kwanza la kufungwa kabisa na kudhibitiwa hali ya hewa, Southdale huko Minnesota, lilifunguliwa mwaka 1956. Msanifu wake, Victor Gruen, aliyezaliwa Vienna, alitaka liwe kama katikati ya mji penye watu wanaokutana; uzeeni aliyakana majengo yaliyoiga kazi yake. Ndani ya jengo la namna hiyo mimi hutazama saa kabla ya kuingia, maana humo dirisha la kukuonyesha jua limezama halipo.

Sasa kununua. Kwenye jumla usianze kwa kuuliza bei ya kimoja. Uliza kiasi cha chini wanachouza. Wakisema jora zima na wewe unataka mita mbili, waombe wakuelekeze kwa mteja wao anayekata. Watakuelekeza, kwa kuwa huyo naye ni biashara yao. Duka la kwanza usinunue, hata kama kitu ni kizuri. Chukua kadi, andika namba ya fremu na kilichopo jirani (mitaa hii hufanana vibaya sana), pita maduka mawili matatu, kisha rudi. Isipokuwa kwenye vitu vya kale: kule kitu kipo kimoja, na ukiondoka kimeondoka.

Kupiga picha mali, omba kwanza. Kwa wauza vitambaa hasa, picha ni mchoro unaoweza kuibiwa, na mtu aliyekuwa anakuchangamkia atageuka jiwe. Mimi huomba kipande cha sampuli. Kwangu kina faida kuliko picha, kwa sababu rangi ya kwenye simu hudanganya. Kikague mlangoni, kwenye mwanga wa jua, kwa maana taa za duka zinachaguliwa na mwenye duka.

Pesa gawanya mara mbili, ndogondogo karibu na mkono, nyingine mbali. Mfuko uwe mtupu unapotoka, uwe na zipu, na kwenye msongamano uwe mbele.

Na kabla hujauacha mtaa, simama pembeni ufungue kila pakiti. Hesabu. Linganisha na risiti. Kama umenunua zipu, ivute kila moja hadi mwisho na kurudi, maana yenye jino bovu haionekani kwa macho, na kuibadilisha ukiwa bado hatua ishirini kutoka dukani ni jambo la dakika moja.