Bisibisi ya chaji ya gereji: nunua inayojua kusimama

Mwaka juzi kijana ninayemfundisha kazi alikuwa anarudishia kava la tapeti, kifuniko cha juu ya injini, la Toyota IST. Kwa haraka akachukua impakti, ile mashine ya chaji inayogonga huku ikizungusha. Bolti zile zinafungwa kwa spana namba 10, lakini mwili wake ni milimita 6 tu na zinaingia kwenye aluminiamu. Bolti ya tatu ilizunguka bila kukaza. Tulipoichomoa, uzi wote wa aluminiamu, yaani ile mikato ya ndani ya tundu inayoshika bolti, ulikuwa umejiviringa juu yake. Siku nzima ikaishia kwenye kutoboa na kuingiza uzi mpya wa chuma, na gharama niliibeba mimi, maana gari ni la watu.

Tangu siku ile, mtu akiniomba ushauri wa kununua bisibisi ya chaji kwa kazi za magari, simwambii atafute yenye nguvu zaidi. Namwambia atafute inayojua kusimama.

Nguvu ya kukaza huandikwa kwenye boksi kwa Nm, yaani nyutoni mita. Ukitaka kuielewa, shika spana yenye urefu wa mita moja, ning'iniza kilo moja kwenye ncha yake: hiyo ni karibu Nm 10, na ndiyo inayotakiwa na bolti ya kava la tapeti. Nati ya tairi ya gari dogo la Toyota inataka Nm 103, yaani kilo kumi na nusu kwenye spana hiyohiyo. Impakti ya volti 18 inatoa 150 na zaidi bila kukuuliza, na nyingi hazina kitu cha kuizuia. Ni nzuri kwa bolti za bampa zilizoshika kutu. Kwa plastiki na aluminiamu ni hatari.

Kazi nyingi za gereji kwa kweli ni za kufungua na kufunga vitu vidogo: dashibodi, taa, kava za chini ya injini, boksi la kichujio cha hewa. Kwa hizo, bisibisi yako iwe drili ya chaji ya volti 12 yenye pete ya namba shingoni. Pete ile ndiyo roho ya mashine. Ukiiweka kwenye namba ndogo, skrubu ikikaza kidogo tu mashine inaachia na kulia tra-tra-tra. Nenda dukani na kipande cha mbao na skrubu zako. Weka namba 3, funga. Kisha weka 12, funga nyingine. Kama skrubu zote mbili zimezama sawasawa, pete hiyo ni pambo, rudisha. Halafu achia kitufe ghafla: inatakiwa isimame papo hapo. Bonyeza pia polepole uone kama inaanza taratibu, maana ile inayoruka kwa kasi moja itakuvunjia vishikizo vya plastiki. Pima na urefu wake. Ikizidi sentimita 17 hivi, chini ya usukani utaumia mkono.

Sasa betri, na hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa. Seli moja ya lithiamu ni volti 3.6. Tatu ndizo zinazoitwa volti 12, tano ni volti 18. Zile tano zikijaa chaji hufika volti 21, ndiyo maana wengine huandika 20 kwa betri ileile. Utakuta mashine imeandikwa 48V au 88VF kwa herufi kubwa. Usibishane na muuzaji. Toa betri iliyojaa, iguse kwa mita ya kupimia volti. Ikisoma 21, umeshika volti 18, na bei iwe ya volti 18. Angalia pia ukubwa: betri nyembamba yenye safu moja ya seli tano za kawaida haiwezi kuwa na Ah 6 (Ah ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), hata karatasi iliyobandikwa iseme nini.

Mashine za mtumba kutoka Japani ni imara na mimi ninazo, ila soma chaja kabla hujaichomeka. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Chaja isiyoandikwa 100–240V itaungua ndani ya dakika chache.

Kitu kimoja ambacho mafundi wenzangu hawakijali: vichwa vya bisibisi. Skrubu nyingi za nyota kwenye magari ya Kijapani si nyota ile ya kawaida. Ukiona kinukta kidogo kimegongwa pembeni ya msalaba, hiyo ni ya vipimo vya JIS, yaani viwango vya Japani. Kichwa cha kawaida hakifiki chini, kinapanda na kula msalaba. Tafuta vichwa vya JIS namba 2 na namba 3, ni vidogo lakini vimeniokolea skrubu nyingi za taa za nyuma.

Kwenye pampu ya mafuta chini ya kiti cha nyuma, mashine ya chaji ikae mbali. Kaboni za mota hutoa cheche, na mvuke wa petroli hauonekani. Pale tumia mkono.

Plagi za injini pia hufungwa kwa mkono. Na kwa kila bolti ya injini, kijana wangu sasa anaanza kwa vidole, mizunguko mitatu mpaka asikie uzi umeshika wenyewe. Ndipo drili inaingia, pete ikiwa namba 4, na spana ya mkono inamalizia.