Kukagua pikapu ya zamani iliyobadilishwa kabla hujainunua

Rangi mpya isikuteke. Mimi huanza chini: nalala chali na tochi, naifuata chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, kutoka mbele hadi nyuma, hasa pale ilipokatwa ili gari lishushwe karibu na ardhi. Kazi nzuri ya kuchomelea huacha mshono uliolingana. Ukiona matone matone, au rangi nzito iliyopakwa hapo tu, muulize muuzaji ni nani aliyechomelea.

Kisha funga sumaku ndogo kwenye kitambaa, uipitishe juu ya magurudumu na chini ya milango. Isiposhika, hapo pana puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi kabla ya rangi, na chini ya puti mara nyingi pana kutu. Niliwahi kuiruka hatua hii. Baadaye mlango ukatoboka kwa kidole changu tu.

Kwa mfano, pikapu ya Ford F-100 ya 1953 ilitoka kiwandani na breki za dramu (zinazobana kwa ndani ya ngoma ya chuma) magurudumu yote manne, na umeme wa volti 6. Ikiwa imepandikizwa injini yenye nguvu zaidi, dai kuona breki zilizobadilishwa pia. Chungulia nyuma ya dashibodi: nyaya zilizosokotwa na kuzungushiwa utepe huweza kuwasha moto.

Namba ya chasisi isipolingana na hati, ondoka, hata kama moyo umeshalipenda gari.