Kabla ya kupanga bei ya usajili, anza na kinachobaki mkononi

Programu yangu ni shajara ya kipandauso. Mgonjwa huandika kichwa kilianza kuuma lini, alikula nini, alilala saa ngapi, na mwisho wa mwezi anapata ripoti ya kumpelekea daktari. Naitengeneza peke yangu. Usajili ni dola 2.99 kwa mwezi au dola 24.99 kwa mwaka. Bei ya mwanzo niliipanga kwa kutazama programu za wenzangu tu, na njia hiyo simshauri mtu.

Wewe anza upande wa pili. Andika bei, ondoa kodi, kisha ondoa kamisheni ya duka la programu, yaani App Store ya Apple au Google Play. Kinachobaki ndicho chako. Fuata mpangilio huohuo, kwa sababu kamisheni hukatwa kwenye kiasi kilichobaki baada ya kodi. Chukua mteja wa Uingereza, ambako VAT ni asilimia 20, aliyelipa pauni 2.99. Kodi ikitoka inabaki pauni 2.49. Kamisheni ya asilimia 15 ikitoka inabaki pauni 2.12. Ikiwa ni asilimia 30, unabaki na pauni 1.74. Fanya hesabu hii kwa kila nchi yenye wateja wako wengi kabla hujagusa kitufe cha bei.

Sasa hakikisha unakatwa 15 na si 30. Kiwango cha kawaida cha Apple ni asilimia 30, lakini tangu Januari 1, 2021 upo mpango wa asilimia 15 kwa watengenezaji wadogo, wale ambao mapato yao ya mwaka uliopita hayakuvuka dola milioni 1. Mpango huo haukufuati nyumbani. Ni lazima uombe mwenyewe, na ukiwa na akaunti nyingine inayohusiana na hiyo, uitaje. Mimi nilidhani nimo tayari. Kwa miezi 8, nikiwa na wateja 300 hivi wa mwezi, nilipoteza karibu senti 45 kwa kila malipo. Zidisha: ni zaidi ya dola 1,000, fedha ambazo zingemlipa mfasiri niliyekuwa nimemwahidi kazi. Kosa lilikuwa langu na bado linaniuma. Leo hii, kabla ya kuandika mstari mwingine wa msimbo, fungua akaunti yako uangalie.

Ukiwa ndani ya mpango huo, ile kanuni ya Apple ya 2016 ya kushusha kamisheni hadi 15 baada ya mteja kukaa mwaka mzima haikusumbui tena, maana uko kwenye 15 tangu siku ya kwanza. Google nayo ilishusha kamisheni ya usajili hadi 15 tangu siku ya kwanza, kuanzia Januari 1, 2022. Viwango hivi hubadilika, kwa hiyo soma mkataba wa akaunti yako.

Kisha linganisha mwezi na mwaka. Kipandauso kina tabia ya kupoa. Mtu akipata wiki sita za nafuu, anafuta usajili, na simlaumu. Wengi wa wateja wangu wa mwezi huondoka kabla ya mwezi wa sita. Miezi mitano, kamisheni ya 15 ikitoka na kodi bila kuhesabiwa, hunipa dola 12.70. Mteja wa mwaka hunipa dola 21.24 kwa mkupuo, naye analipa pungufu kuliko miezi 12 moja moja. Ada ya akaunti ya Apple ni dola 99 kwa mwaka: wateja watano wa mwaka wanaimaliza, ilhali kwa malipo ya mwezi nahitaji malipo 39. Ndiyo maana kwenye ukurasa wangu bei ya mwaka inatangulia.

Watu huniuliza: kwa nini usiuze kwenye tovuti yako, ukwepe kamisheni? Piga hesabu kwanza. Kiwango cha kawaida cha Stripe, kampuni inayopokea malipo ya kadi mtandaoni, nchini Marekani ni asilimia 2.9 na senti 30 juu yake. Kwa dola 2.99 hiyo ni kama senti 39, na duka lingenikata senti 45. Kwa tofauti ya senti 6, kodi ya kila nchi inakuwa mzigo wangu. Siuzi usajili wa mwezi nje ya duka. Kwa usajili wa mwaka mambo yanageuka: dola 1.02 dhidi ya dola 3.75. Hapo inafaa kufikiria. Nchini Marekani, uamuzi wa Jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa Aprili 30, 2025, katika kesi ya Epic Games, kampuni ya michezo ya kompyuta, dhidi ya Apple, ulifungua njia ya kuweka viungo vya malipo ya nje, ingawa mvutano uliendelea kwenye rufaa. Usijenge biashara nzima juu ya mlango huo mmoja.

Kuna fedha nyingine huvuja kimya: kadi iliyokwisha muda. Mteja hakutaka kuondoka, malipo tu yamekwama. Kwenye mipangilio ya usajili ya Apple washa kipindi cha nyongeza. Unachagua siku 3, 16 au 28, na mteja anaendelea kutumia programu huku duka likijaribu tena kumtoza. Nimechagua 16. Mgonjwa mwenye rekodi za miaka miwili asikute shajara yake imefungwa asubuhi ya shambulio.

Mwisho, panga kalenda ya fedha. Mkataba wa Apple unaipa hadi siku 45 baada ya mwezi wake wa kihesabu kufungwa ndipo ikulipe, ilhali bili ya seva haingoji. Mimi huweka pembeni gharama za seva za miezi miwili, kwenye akaunti tofauti ambayo siigusi hata nikiwa na njaa ya kompyuta mpya.