Nani anaingia kwenye jaribio la dawa za kansa ya mapafu iliyosambaa: jikague hatua kwa hatua

Kabla hujafungua ukurasa wa jaribio lolote weka karatasi zako mezani kwanza. Mi kazi yangu ni kuratibu majaribio ya dawa za kansa, yani nakaa na faili la mgonjwa upande mmoja na vigezo vya jaribio upande mwingine nalinganisha mstari kwa mstari, na mara nyingi sana nakuta mgonjwa na familia yake hawajawahi kuambiwa kilichoandikwa kwenye faili lao wenyewe. Kwahiyo omba kopi za hivi: ripoti ya kinyama (kile kipande kilichokatwa kwenye uvimbe kikapimwa maabara), majibu ya vipimo vya jeni za uvimbe kama vilifanyika, ripoti ya CT ya karibuni (ripoti iliyoandikwa, sio picha tu), majibu ya damu, na orodha ya dawa zote za kansa alizopewa mgonjwa na tarehe ya kuanza na kumaliza kila moja. Hiyo orodha ya tarehe watu wanaidharau kweli, alafu ndio inaamua mambo mengi, tutafika huko.

Hatua ya 1: aina ya kansa

Ripoti ya kinyama itakwambia kama ni kansa ya seli ndogo au isiyo ya seli ndogo. Hii ya pili ndio ya wengi, kama wagonjwa 85 kwa kila 100. Haya ni magonjwa mawili tofauti na majaribio yake yametengana kabisa, kwahiyo ukisoma jaribio la seli ndogo na wewe huna hiyo, funga endelea na lingine. Kama ni isiyo ya seli ndogo angalia tena kama wameandika adenokasinoma au skwamasi, manake kuna majaribio yanachukua upande mmoja tu.

Hatua ya 2: stej

Stej ni kiwango ugonjwa ulipofikia. Majaribio ya ugonjwa uliosambaa huwa yanaandika stej ya IV, na mengine yanaongeza IIIB na IIIC kwa mtu ambaye haiwezekani tena kumfanyia upasuaji wala kumpa mionzi ya kuponya. Maji yaliyojaa pembeni ya pafu yakikutwa na seli za kansa hiyo nayo ni stej ya IV hata kama ini na mifupa viko salama. Alafu kuna sharti la uvimbe unaopimika: majaribio mengi yanataka angalau uvimbe mmoja wenye milimita 10 au zaidi kwenye CT, na kama ni tezi ya limfu basi iwe milimita 15 ukipima upana wake mfupi. Mtu anaweza kuwa mgonjwa sana na bado asiwe na uvimbe wa kupimika, kwa mfano ugonjwa uko kwenye mifupa peke yake, na hapo jaribio linaweza kumkataa kwa sababu hawatakuwa na kitu cha kulinganisha dawa ikifanya kazi.

Hatua ya 3: jeni za uvimbe na PD-L1

Hapa usikimbie, soma taratibu. Uvimbe wa mapafu unaweza kuwa na mabadiliko kwenye jeni kama EGFR, ALK, ROS1, BRAF, KRAS, MET, RET, HER2 au NTRK, na siku hizi majaribio mengi yanachagua watu kwa hilo kabla ya kitu kingine chochote. Linaenda pande zote mbili. Jaribio la dawa inayolenga KRAS G12C linataka watu wenye hiyo G12C tu (ni aina moja ya mabadiliko ya KRAS), hata KRAS ya aina nyingine haliitaki, wakati majaribio mengi ya tiba ya kinga (dawa zinazoisaidia kinga ya mwili ishambulie kansa) kwa wagonjwa ambao hawajaanza dawa yanawaondoa wenye EGFR au ALK kwa sababu hao wana vidonge vyao vinavyowafaa zaidi mwanzoni. Kwahiyo usichukulie majibu ya jeni kama umefaulu au umefeli, yanakuonyesha tu uende upande gani.

PD-L1 ni protini inayopimwa kwenye seli za uvimbe kukadiria kama tiba ya kinga itafaa, na majibu yake ni asilimia. Utakuta majaribio yamegawa chini ya 1, kuanzia 1 mpaka 49, na 50 kwenda juu.

Kama hujapimwa jeni, uliza kama kinyama cha zamani bado kipo, hospitali huwa zinahifadhi kwenye vipande vya nta na pengine kimebaki cha kutosha. Kipimo cha damu kinaweza kusaidia pia, ila damu isipoonyesha kitu haimaanishi uvimbe hauna. Na kama ulikuwa unatumia vidonge vya kulenga jeni vikaacha kufanya kazi, jiandae kuombwa kinyama kipya, kwa sababu kansa inabadilika ikiwa chini ya dawa na jaribio linataka kujua ilivyo sasa.

Hatua ya 4: dawa ulizokwishapata

Sasa zile tarehe. Majaribio yanahesabu "mistari" ya tiba. Mstari wa kwanza ni matibabu ya kwanza baada ya ugonjwa kusambaa, ukirudi au ukikua wakakubadilishia dawa huo ni mstari wa pili, na kuendelea. Kuna majaribio ni ya watu ambao hawajapata dawa yoyote kwa ugonjwa uliosambaa, na ukishapewa hata dripu moja ya kemo mengi kati ya hayo mlango wake umefungwa na haufunguki tena. Mengine yanataka uwe umeshapata kemo yenye platinamu na tiba ya kinga zikashindwa. Ndio maana nawasisitizia wagonjwa wote, na naomba na wewe ulishike hili kuliko vyote nilivyoandika hapa: muulize daktari habari ya jaribio KABLA ya kuanza dawa ya kwanza na KABLA ya kila kubadilisha dawa. Simaanishi uchelewe matibabu ukisubiri jaribio, mtu anayebanwa na kifua anahitaji dawa sasa hivi, naongelea swali tu ambalo linachukua dakika chache, na linaulizwa ukiwa bado na njia mbili mbele yako.

Pia kuna muda wa kupumzisha mwili. Kutoka dozi ya mwisho ya kemo mara nyingi wanataka wiki 3 mpaka 4 zipite, mionzi huwa wiki 2 hivi, inategemea jaribio.

Hatua ya 5: nguvu za mwili

Utaona neno ECOG na namba. 0 ni mtu anafanya kila kitu kama zamani, 1 kazi nzito zimemshinda ila anatembea na kazi nyepesi anafanya, 2 anajihudumia mwenyewe na yuko nje ya kitanda zaidi ya nusu ya mchana lakini kazi hawezi, 3 zaidi ya nusu ya mchana yuko kitandani au kwenye kiti, 4 hawezi kujihudumia kabisa. Majaribio mengi yanachukua 0 na 1, machache 2. Naelewa kwanini familia inasema "anatembea vizuri tu" wakati mzee anashikiliwa kutoka mlangoni, lakini semeni ukweli, hizi dawa bado zinachunguzwa na mwili uliochoka unaweza kuumizwa nazo. Kama udhaifu unatokana na kitu kinachotibika, mfano maumivu au maji kifuani, kitibiwe alafu mtu apimwe upya.

Hatua ya 6: damu, ini, figo

Namba za kawaida kwenye vigezo: neutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi) 1,500 au zaidi, chembe sahani (zinazogandisha damu) 100,000 au zaidi, hemoglobini 9 kwenda juu, bilirubini (kipimo cha ini) isizidi mara 1.5 ya kiwango cha juu cha kawaida. Figo wanapiga hesabu kwa kreatinini, umri na uzito. Kuna dawa zinagusa mapigo ya moyo kwahiyo ECG (kipimo cha umeme wa moyo) nayo wataitaka. Ukikosa namba kidogo usikate tamaa hapo hapo, mara nyingi damu inaweza kurudiwa.

Hatua ya 7: vinavyozuia

Kansa iliyofika kwenye ubongo zamani ilikuwa inamtoa mtu moja kwa moja, sasa majaribio mengi yanakubali kama imeshatibiwa, imetulia kwa wiki kadhaa na mgonjwa hatumii steroidi nyingi (kikomo cha kawaida ni prednisoloni miligramu 10 kwa siku). Kwa tiba ya kinga wanaogopa magonjwa ambayo kinga inashambulia mwili wenyewe, kama lupasi, hasa ukiwa umetumia dawa zake ndani ya miaka 2, na wanaogopa sana mapafu yaliyowahi kuvimba kwa sababu ya dawa au mionzi. VVU isikufanye ujiondoe mwenyewe, yapo majaribio yanayokubali mtu ambaye virusi vyake vimedhibitiwa, soma au uliza. Mjamzito na anayenyonyesha kwa kawaida hawachukuliwi. Dawa za miti shamba zitaje zote, zipo zinazobadilisha kiasi cha dawa kinachobaki kwenye damu.

Hatua ya 8: kutafuta na kuomba

Ingia ClinicalTrials.gov, tovuti yenye orodha ya majaribio, andika aina ya kansa na jeni yako, chagua yanayopokea watu sasa, alafu shuka mpaka sehemu ya vigezo. Kila jaribio lina namba inayoanza na NCT ikifuatiwa na tarakimu 8, iandike umpelekee daktari wako, ni rahisi kuliko kumwelezea. Wakikuita utasomewa fomu ya ridhaa kabla ya kipimo chochote cha jaribio. Uliza kama kuna kura ya kompyuta ya kugawa makundi, kundi la pili linapata dawa gani, nani analipia vipimo na nauli, na ujue unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Kusaini hakumaanishi umeingia, vipimo vya kuchuja ndio vinafuata, mara nyingi ndani ya siku 28, na wapo wanaoishia hapo.

Wakikwambia hapana, omba wakutajie ni kigezo gani hasa na uandike. Kama ni damu au steroidi, uliza unaweza kuchujwa tena lini. Kama ni jeni au mstari wa tiba, uliza hapo hapo kama wana jaribio lingine linalotaka mtu kama wewe, manake kituo kimoja huwa kinaendesha zaidi ya moja na yule anayekukataa ndio anayajua.